Kizimba cha wima cha kuchinjia ng'ombe: maoni ya mchinjaji anayekitumia

Mimi ni mchinjaji wa Kiislamu. Nachinja kwa kisu, kwa jina la Mwenyezi Mungu, ng'ombe akiwa na fahamu zake, na kazi hii naiheshimu kama ibada. Kifaa ninachokiandikia hapa ni kizimba cha chuma ambamo ng'ombe huingia kwa miguu yake, hubanwa akiwa wima, huinuliwa kidevu na kuchinjwa palepale aliposimama. Viwanda kadhaa vinatengeneza vizimba vya namna hii na muundo wa msingi ni mmoja, kwa hiyo ninayoyasema yanahusu muundo, si nembo iliyobandikwa ubavuni.

Nimeona niandike kwa sababu mabishano juu ya uchinjaji wa kidini na ustawi wa wanyama karibu yote yanazunguka kisu. Upande mmoja unasema kumchinja mnyama bila kumzimisha kwanza, yaani kumpotezea fahamu, ni ukatili. Upande wa pili unasema kisu kikali hakiumi. Wote wanamkuta ng'ombe akiwa ameshashikwa na shingo imeshanyooshwa; dakika zilizotangulia hazina msemaji. Mimi ninayesimama pale nasema kwamba mateso mengi yamo katika dakika hizo, na kwamba hizo tunaweza kuzitengeneza bila kungoja fatuwa mpya wala sheria ya bunge. Lipo jambo moja ambalo kizimba hakiliwezi kwa ng'ombe, nalo ni zito. Nitalisema pia, hata kama baadhi ya wenzangu hawatafurahi.

Kabla ya kizimba nilichinja kwa kamba, kama wachinjaji wengi. Ng'ombe anafungwa miguu, anavutwa, anaanguka kwa kishindo. Watu watatu au wanne wanamkalia, mmoja amemkunja mkia, mwingine ameshika pembe na kukizungusha kichwa mpaka koo litazame juu. Kumdhibiti fahali mkubwa huchukua zaidi ya dakika moja. Macho yanamtoka, ulimi uko nje, anahema, anajinyea. Kisu kinapofika shingoni, mnyama huyo ameshapita katika hofu kubwa kuliko zote alizowahi kuzijua, na mchinjaji mwenyewe ana hofu ya teke. Mwenye hofu ya teke hukata kwa kuibia, na kukata kwa kuibia ni kukata mara mbili, mara tatu. Ndiyo maana nasema ukali wa kisu peke yake haumfikishi mnyama salama.

Halafu kuna kizimba cha kupindua. Ng'ombe anaingia kwenye pipa la chuma, linambana, kisha linazunguka mpaka miguu inaelekea juu. Mchinjaji anapata koo lililo wazi na mkono wake unakata kutoka juu kwenda chini. Baadhi ya wanazuoni wa Kiyahudi na baadhi yetu Waislamu wanaupenda mkao huo kwa sababu ya sheria, na hoja yao naielewa: ng'ombe akisimama, kichwa kinaweza kukilemea kisu, na kwa Mayahudi kisu kilichokandamizwa kinaiharibu chinjo nzima. Lakini ng'ombe hakuumbwa alale chali. Tumbo lake lililojaa majani linashukia kifuani na kuyabana mapafu, pamoja na mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni. Kizimba cha kwanza maarufu cha aina hii, cha Weinberg, kilibuniwa mwaka 1927 ili kuwaondolea ng'ombe adha ya kuangushwa, na kwa wakati wake kilikuwa hatua mbele. Mwaka 1990 mtafiti aitwaye Dunn alikilinganisha na kizimba cha wima. Katika cha Weinberg ng'ombe walikaa zaidi ya sekunde 100 kwa wastani; katika cha wima, sekunde 11 hivi. Kortisoli, homoni inayopanda mwili unapotaabika, ilikuwa takriban mara mbili kwa waliopinduliwa. Uingereza ilivikataza vizimba vya kupindua mwaka 1992 na kubakiza vya wima kwa ng'ombe. Vya kupindua vya siku hizi vinazunguka haraka zaidi, vingine vinaishia ubavuni tu bila kufika chali, na vina vishikio vizuri vya kichwa. Ni bora kuliko vya zamani. Mimi bado sivitaki.

Asiamini mtu kwamba chuma kikishakuwa chuma basi huruma imepatikana. Boksi lililoitwa Mark I lilibuniwa Australia na kupelekwa Indonesia kwa ajili ya ng'ombe waliosafirishwa hai. Lilikuwa linamfunga ng'ombe miguu na kumwangusha ubavu kwenye zege lenye mteremko. Televisheni ya Australia ilipoonyesha picha za machinjioni mwezi Mei mwaka 2011, watu walioziona walishtuka, na Juni serikali ikasimamisha usafirishaji wa ng'ombe hai kwenda Indonesia kwa muda wa kama mwezi mmoja. Waislamu wengi walioziona walisema ule haukuwa Uislamu, na ni kweli. Ila boksi lilibuniwa na watu waliodhani wanasaidia, na hilo linanifundisha kuuliza kila kifaa kinamfanya nini mnyama, sekunde kwa sekunde.

Kizimba cha wima kina historia yake Marekani. Sheria ya usafi wa chakula ya mwaka 1906 ilifasiriwa kwamba mnyama asiangukie damu ya mwenzake aliyetangulia. Machinjio yakapata njia rahisi: kumfunga ng'ombe mnyororo mguu mmoja wa nyuma na kumning'iniza akiwa hai, na fahamu zake zote, kisha kumchinja akibembea. Dini haikuagiza hilo. Sheria ya uchinjaji wa kiutu ya mwaka 1958 ilihesabu mkato wa kidini kuwa wa kiutu lakini ikaachia namna ya kumshika mnyama, kwa hiyo kuning'iniza kukaendelea. Katika miaka ya 1960 kikatengenezwa kizimba cha wima, na chama cha kutetea wanyama cha ASPCA kikakisambaza. Ndiyo maana mpaka leo wengi wanakiita kwa jina la chama hicho. Baadaye Temple Grandin, mtaalamu wa tabia za mifugo, aliingia mwenyewe machinjioni, akakirekebisha na kuandika namna ya kukitumia. Mengi ninayoyasema hapa chini aliyasema yeye kabla yangu, nami nimeyakuta ni kweli kazini.

Sasa kifaa chenyewe. Nianze na mlango, kwa sababu hapo ndipo wengi wanapoharibu.

Ng'ombe hapendi kuingia gizani. Kizimba kikiwa na giza ndani na nje kuna jua, atagoma, na akigoma vijana wataanza kumpiga na kumchoma kwa fimbo ya umeme. Tundika taa ndani, isimwangaze machoni, naye ataufuata mwanga. Ukuta wa mbele na wa pembeni uwe umezibwa kabisa, asione watu wanaopita, asimwone aliyetangulia akining'inia, wala asinione mimi na kisu changu. Mnyororo unaoning'inia na kucheza, koti lililotundikwa ukutani, dimbwi la maji linalometameta: kila kimoja kinatosha kumrudisha nyuma. Sakafu iwe na michirizi au mabati yenye meno. Kwato ikiteleza mara moja tu, ng'ombe anafadhaika, na akishafadhaika hashikiki tena kwa upole.

Akiingia, kuna sukumio linalokuja taratibu kutoka nyuma, mpaka kifua kifike mbele na kichwa kitokeze kwenye tundu. Neno taratibu ndilo la kuzingatia. Chuma kikija kwa kasi anaruka. Kikija polepole na kwa mfululizo anatulia, hata kama kinambana zaidi. Akibanwa kidogo sana anahisi yuko huru na anapigana. Akibanwa sana anapiga kelele. Katikati pana kiasi chake, na mwendesha mitambo mzuri anakijua kwa kumtazama jicho. Kwa wasiojua bado, kizimba kiwe na kidhibiti cha shinikizo kinachosimama chenyewe kikifika kiwango, ili asiyejali asiweze kumponda mnyama hata akitaka. Vizimba vingine vinauzwa bila kidhibiti hicho. Usikubali.

Chini kuna sahani ya tumbo. Hii haikuwekwa ili kumnyanyua ng'ombe. Kazi yake ni kumzuia asipige magoti. Grandin anasema isipite sentimeta 71 kutoka sakafuni, na mimi nimeona sababu yake: ikipanda zaidi, miguu inaacha kubeba uzito, naye anaanza kurusha mateke hewani kama aliyetumbukia majini. Sehemu hii nimeona ikitumiwa vibaya kuliko zote. Mwendeshaji anadhani amemsaidia mchinjaji kwa kumpandisha mnyama, kumbe amemtisha.

Mwisho ni kishikio cha kichwa: kidevu kinainuliwa, na bamba linashuka juu ya paji la uso. Koo linatakiwa linyooke kiasi cha ngozi kukaza, ili mkato ukishapita, midomo ya jeraha isirudi kugusana wala kukifunika kisu. Linyooke kiasi hicho, lisivutwe mpaka mnyama atoe macho. Kikishashika kichwa, chinja. Ushauri ni ndani ya sekunde 10, na mimi naona hata hizo ni nyingi. Basmala isomwe kisu kikiwa tayari mkononi, mtu asianze kutafuta kibla wala kurekebisha mikono ya shati wakati mnyama ameinuliwa kidevu. Baada ya mkato, kishikio kilegezwe kidogo na sahani ya tumbo ishushwe, damu itoke kwa uhuru. Kuna wanaomfungulia mlango na kumtupa nje papo hapo ili mwingine aingie. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 1099 ya mwaka 2009 inakataza kumwachia mnyama aliyechinjwa bila kuzimishwa kabla ya kuhakikisha amepoteza fahamu, na hapo wamesema kweli. Hata sheria yetu inakataza kumchuna wala kumkata kiungo kabla roho haijatoka.

Kero zipo. Kizimba kinachoendeshwa kwa hewa iliyoshindiliwa kinapiga mluzi na kupumua kwa ghafla kila vali inapofunguka, na ng'ombe wengi wanashtushwa na huo mlio kuliko na kubanwa kwenyewe. Bomba la kutolea hewa lipelekwe nje ya jengo au lifungwe kizuia sauti. Chuma kinachogongana na chuma kiwekewe mpira. Ndama na ng'ombe wadogo wanapwaya, wanaweza kugeuka nyuma, na kuwaongezea shinikizo si dawa. Ukuta wa pembeni unaosogea unahitajika, na si kila kizimba kinao. Kukisafisha ni kazi, maana damu inaingia chini ya sahani na kuganda. Kwa machinjio yanayopokea wanyama wengi kwa wakati mmoja, kitaonekana kinachelewesha. Hakicheleweshi kinapoendeshwa vizuri, ila wiki za mwanzo mtadhani hivyo.

Namna ya kukipima kizimba ni masikio. Simama pembeni, funga macho, sikiliza. Ng'ombe anayelia akiwa ndani ameumizwa au ameogopa, na mtu hawezi kubishana na mlio huo. Mwongozo wa tasnia ya nyama ya Marekani, uliojengwa juu ya kazi ya Grandin, unaruhusu ng'ombe wasiozidi 3 katika 100 kulia katika machinjio ya kawaida, na wasiozidi 5 katika 100 kwenye uchinjaji wa kidini. Kwetu walikuwa wakilia wengi kwa kamba. Sasa siku nyingine zinapita kimya, ukisikia kwato na pumzi tu. Mimi hilo linanigusa sana. Mtume, rehema na amani zimshukie, alisema Mwenyezi Mungu ameandika wema katika kila jambo. Tukichinja tuchinje vizuri, kila mmoja anoe kisu chake na amstareheshe mnyama wake. Hadithi hiyo iko katika Sahihi Muslim, kutoka kwa Shaddad bin Aws. Kila mchinjaji anaisoma, na wengi tunaishika ile nusu ya kisu. Kumstarehesha mnyama ni amri ileile, ya kinywa kilekile.

Kuhusu kisu sitachukua nafasi kubwa, maana wanaojua wanajua. Kiwe kirefu, angalau mara mbili ya upana wa shingo, ili pigo moja la kwenda na kurudi litoshe bila ncha kuzama ndani ya jeraha. Mayahudi wanakipitishia kucha makali yote kabla ya kuchinja na baada yake, wakitafuta pengo hata dogo mno. Likipatikana baada ya mkato, mnyama haliwi. Kisu chao hakina ncha. Sisi hatukulazimishwa hivyo, lakini nimeiga ukaguzi huo wa kucha na nawasihi wenzangu wauige. Na kinoo kiwe chumba kingine. Imepokewa kwamba Mtume alimkemea mtu aliyekuwa akinoa kisu mbele ya kondoo aliyelazwa, akamuuliza kama anataka kumuua mara mbili.

Sasa lile zito.

Watu wanasema mnyama, mnyama, kana kwamba kondoo na ng'ombe ni kitu kimoja. Si kimoja. Ubongo wa kondoo unategemea ile mishipa miwili mikubwa ya mbele ya shingo. Ikikatwa kwa pigo safi, damu ya ubongo inakatika na kondoo anapoteza fahamu ndani ya sekunde chache, mara nyingi chini ya 20. Ng'ombe ana njia nyingine ya damu, mishipa inayopita ndani ya pingili za shingo, ambako kisu chetu hakifiki wala hakitakiwi kufika. Njia hiyo inaendelea kuupa ubongo damu kidogo baada ya koo kukatwa. Zaidi ya hapo, ncha za mishipa iliyokatwa wakati mwingine hujivuta ndani na kuvimba, damu ikaziba tundu, na mtiririko ukapungua. Mtafiti Gregory na wenzake walichapisha mwaka 2010 habari za ng'ombe 174 waliochinjwa kihalali bila kuzimishwa: kwa wastani walianguka bila kuinuka tena baada ya sekunde 20, lakini asilimia 8 walichukua sekunde 60 au zaidi, na asilimia 14 walianguka kisha wakasimama tena. Nimewaona hao wanaosimama. Anayesema hawapo hajachinja ng'ombe wengi, au hakai kuwatazama.

Na maumivu? Mwaka 2009 Craig Johnson na wenzake wa Chuo Kikuu cha Massey, New Zealand, walipima mawimbi ya ubongo ya ndama waliokuwa chini ya usingizi mwepesi wa dawa. Mkato wa shingo ulileta mwitikio unaofanana na wa maumivu. Wapinzani wanasema kisu chao kilikuwa kifupi, chini ya sentimeta 25, na kimenolewa kwa mashine, hivyo hakipimi chinjo ya bingwa. Pingamizi hilo lina uzito. Grandin mwenyewe ameshuhudia ng'ombe wakichinjwa na bingwa wa Kiyahudi katika kizimba kizuri wakawa kama hawakuhisi mkato. Lakini utafiti wa Massey una sehemu ya pili ambayo watu wetu hawaitaji: ndama walipopigwa bastola isiyotoboa fuvu, chombo cha kumzimisha mnyama kwa kumgonga kichwa, sekunde 5 baada ya mkato, ule mwitikio ulikoma.

Hapo ndipo nilipo mimi. Kwa ng'ombe mkubwa, chinja kwa kisu, kwa jina la Mwenyezi Mungu, mnyama akiwa mzima na hai. Kisha papo hapo, akiwa bado ameshikwa kichwa, apigwe bastola ya kuzimishia kwenye paji la uso. Sheria ya Austria inataka hivyo kwa uchinjaji wa kidini. Chinjo imeshakamilika: koo, umio na mishipa vimekatwa, na damu inatoka. Moyo hausimamishwi na pigo la kichwa. Unaendelea kupiga kwa muda na kuitoa damu. Kinachoondoka ni fahamu tu, zile sekunde 20, au dakika nzima kwa yule mwenye bahati mbaya. Wenzangu wananiambia ni makuruhu, yaani jambo lisilopendeza kidini, kumzidishia mnyama jambo lolote kabla roho haijatoka. Nawajibu kwamba makuruhu hiyo iliwekwa ili asizidishiwe adhabu, na hili linamtoa kwenye adhabu. Nimewauliza masheikh kadhaa; baadhi wamekubali, baadhi wamekataa, na hakuna aliyeniambia nyama inakuwa haramu.

Kumzimisha kabla ya kisu ni suala lingine, na hofu ya Waislamu wanaolikataa si ya kijinga. Aya ya tatu ya Suratul Maida inaharamisha mnyama aliyekufa kwa kipigo. Bastola inayotoboa fuvu huenda imemuua kabla kisu hakijafika, na hapo una kibudu mkononi. Umeme wa kichwani pekee ni tofauti. Kondoo akipitishiwa umeme wa ampea 1 kichwani anazimia, na asipochinjwa anaamka baada ya muda mfupi na kwenda kula majani. New Zealand wanaposafirisha nyama ya halali wanafanya hivyo, na kiwango cha Malaysia cha MS 1500 kinaruhusu kumzimisha mnyama kwa masharti, mojawapo likiwa asife wala asijeruhiwe vya kudumu. Mimi sina neno baya kwa Mwislamu anayefuata njia hiyo. Ila nao wanaoisifu bastola waseme yote: mwongozo uleule wa Marekani uliweka alama ya kufaulu kwenye ng'ombe 95 katika 100 wanaozimika kwa pigo la kwanza. Wale wengine wanapigwa tena, chuma kikiwa kimeshawaingia.

Kuhusu marufuku nitasema machache. Uswisi ilipiga kura ya kukataza uchinjaji bila kuzimisha mwaka 1893, na Ujerumani ya Wanazi ilikataza Aprili 1933, miezi michache baada ya Hitler kushika madaraka. Myahudi au Mwislamu anayehofia nia ya wanaokataza ana sababu ya kuhofia. Flanders na Wallonia nchini Ubelgiji zilianza kukataza mwaka 2019. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ikakubali sheria ya Flanders Desemba 2020, na Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ikasema Februari 2024 kwamba uhuru wa dini haukuvunjwa. Siamini kwamba majaji hao wote wana chuki. Ila marufuku ya namna hiyo inaruhusu nyama ileile iingizwe kutoka nchi nyingine, na huyo ng'ombe wa kule anaweza kuwa amechinjwa kwa kamba au ameangushwa kwenye zege. Ningependa zaidi sheria inayomlazimisha kila mwenye machinjio, wa dini na asiye wa dini, awe na kizimba kizuri, sakafu isiyoteleza, mtu aliyefunzwa, na mkaguzi anayesikiliza milio.

Wewe unayenunua nyama huna haja ya kuwa mtaalamu. Muulize muuzaji mnyama alishikwaje. Muulize kama waliosubiri walipata maji, kama walimwona mwenzao akichinjwa, na mchinjaji anangoja muda gani kabla ya kumfungua. Cheti cha halali mara nyingi kinataja mkato na jina lililosomwa, kisha kinanyamaza. Muuzaji akishindwa kujibu leo, wiki ijayo atakuwa amemuuliza anayemletea, na swali hilo litafika kwangu. Nalisubiri kwa furaha.

Je, kinunuliwe? Kwa ng'ombe, ndiyo, bila kusita, na nakipendekeza kwa machinjio yoyote yanayochinja kidini. Kwa kondoo na mbuzi msijisumbue. Wao mtu mmoja mpole anawashika vizuri kuliko chuma chochote, alimradi hawakokotwi kwa mguu wala hawavutwi kwa manyoya. Unapoagiza, dai vidhibiti vya shinikizo kwenye sehemu zote tatu (sukumio, sahani ya tumbo na kishikio cha kichwa), kizuia sauti kwenye vali, na ukuta unaosogea kama mnapokea wanyama wa ukubwa tofauti. Dai pia pengo la kutosha mbele ya bamba la paji la uso ili mwenye bastola afike mara tu baada ya kisu. Wachoraji wengi huliziba kwa sababu hakuna mteja aliyewaambia waliache wazi, na kulikata baadaye, kizimba kikiwa kimeshafungwa sakafuni, ni kazi ya siku nzima ya fundi wa kuchomelea.